Maoni: Nguo inayojisafisha kwa jua isichukue nafasi ya maji na sabuni

Tangu mpox ya aina mpya ilipoanza kuenea kutoka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, wakaaji wa Mashariki mwa Congo wamesikia onyo moja mara nyingi: shuka, taulo na nguo za mgonjwa zisiguswe bila glavu, zisikung'utwe, na zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni. Onyo hilo ni la kweli, kwani virusi vya mpox vinaweza kubaki kwenye nguo na kumpata anayezishika. Ila mama anayepewa onyo hilo mara nyingi ana bidoni moja ya maji kwa kupika, kunywa na kufua, na makaa ya kuchemshia maji hayo ni ya kununua.

Mahali penye shida kama hiyo, habari ya kitambaa kinachojisafisha chenyewe na kuua vijidudu kikipigwa na mwanga hupokelewa kwa hamu. Na habari hiyo haikubuniwa. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, watafiti wa Asia, Australia na Ulaya wanatengeneza vitambaa vilivyopakwa kichocheo kinachoamshwa na mwanga, na katika maabara vinafanya kazi. Kinachobaki kuulizwa ni kwa mwanga gani, kwa muda gani, na juu ya uchafu wa aina gani. Bila majibu hayo, kitambaa hiki kinaweza kuingia katika vituo vya afya vya Beni, Bunia au Uvira kikichukua bajeti ya maji na sabuni, na watakaolipa hasara hiyo ni wagonjwa na wauguzi.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kichocheo kinachotumika zaidi ni dioksidi ya titani, unga mweupe uleule unaotia weupe kwenye rangi za kuta na katika dawa nyingi za meno. Mwaka 1972, wanasayansi wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha katika jarida la Nature kwamba elektrodi ya dioksidi ya titani ikimulikwa husaidia kupasua maji kuwa oksijeni na hidrojeni. Baadaye watafiti waliona kwamba nguvu hiyohiyo inaweza kuvunjavunja uchafu, na viwanda vya Japani vikaanza kupaka dioksidi hiyo kwenye vigae, vioo na kuta za nje.

Kichocheo kinafanana na komisioneri wa sokoni. Anakutanisha muuzaji na mnunuzi, biashara inafanyika, kisha yeye anabaki palepale akingoja wengine. Mwanga ukigonga chembe ya titani, elektroni moja inaruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni hiyo inakamata oksijeni ya hewani, tundu linakamata unyevu, na hapo zinazaliwa chembe kali zinazoishi muda mfupi sana. Chembe hizo zinashambulia kitu chochote chenye asili ya kiumbe hai kilicho karibu nazo: mafuta ya jasho, doa la kahawa, ngozi ya bakteria. Uchafu ukivunjwa mpaka mwisho, kinachobaki hasa ni maji na hewa ya kaboni.

Ndiyo sababu watu wengi wanakitamani. Javeli ikishamwagwa imekwisha, lazima inunuliwe nyingine. Titani haiishi kwa kufanya kazi. Mwanga ukiendelea kuja, nayo inaendelea, bila umeme wa SNEL, bila mafuta ya jenereta. Kwa nchi inayopitiwa na mstari wa ikweta, mstari unaopita karibu kabisa na Butembo, hiyo si faida ya kudharau.

Doa la divai na saa 20

Shida ya kwanza ya watafiti ilikuwa joto. Ili dioksidi ya titani ishike umbo linalofaa, ilizoeleka kuichoma kwa mamia ya nyuzi za joto. Kigae kinavumilia, pamba inaungua. Mwaka 2004, Walid Daoud na John Xin wa Chuo Kikuu cha Hong Kong Polytechnic walitangaza kwamba wamefaulu kupaka pamba tabaka jembamba sana la titani bila moto mkali. Mwaka 2008, Daoud, safari hii akiwa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, alifanya hivyohivyo na wenzake kwa sufu.

Matokeo ya sufu yanafaa kusomwa polepole. Doa la kahawa lilififia baada ya saa 2 za mwanga unaofanana na wa jua. Doa la wino wa buluu lilichukua saa 17. Doa la divai nyekundu lilikaribia kutoweka baada ya saa 20, wakati kitambaa kisichopakwa kilibaki chekundu. Mwaka 2016, watafiti wa RMIT mjini Melbourne walitumia chembe ndogo mno za shaba na fedha badala ya titani, wakaripoti kwamba baadhi ya vitambaa vyao vilijisafisha kwa chini ya dakika 6.

Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kahawa, divai na rangi za majaribio ni uchafu mwembamba unaokaa juu ya uzi. Kazi ya kichocheo inafanyika usoni mwa kitambaa tu, kwani zile chembe kali hazisafiri mbali kabla ya kufa. Damu iliyokauka, usaha, matapishi na kinyesi ni tabaka nene. Uchafu wa namna hiyo unakizibia kichocheo mwanga, na kichocheo kilichozibwa hakifanyi kitu. Mwanamke anayefua mashuka ya maternite anajua vizuri tofauti kati ya tone la chai na shuka la mzazi. Kwa shuka hilo hakuna mtafiti makini aliyeahidi kwamba jua peke yake litatosha.

Neno "kujisafisha" ndilo linaloleta mkanganyiko. Katika maabara lina maana ya doa jembamba kufifia. Likifika sokoni linageuka na kuwa ahadi ya kutofua tena.

Mwanga gani?

Dioksidi ya titani ya kawaida haiamshwi na kila mwanga. Inahitaji mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa jicho, yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 390 hivi. Katika mwanga wote wa jua unaofika ardhini, mionzi hiyo ni kama sehemu 3 mpaka 5 tu kwa 100. Taa za LED za kawaida zinazowekwa majumbani na hospitalini karibu hazitoi kabisa mionzi hiyo, na kioo cha dirisha kinazuia sehemu yake.

Sasa fikiria shuka la kituo cha afya. Mchana liko ndani ya chumba chenye madirisha madogo. Usiku kuna taa moja ya betri, kama ipo. Na sehemu iliyo chafu zaidi, ile iliyolaliwa na mgonjwa, iko kati ya mwili na godoro, gizani kabisa. Tenu ya muuguzi nayo imefunikwa na aproni. Mahali ambapo vijidudu ni vingi zaidi, mwanga ni mdogo zaidi.

Watafiti wanaijua shida hiyo. Wengine wanachanganya titani na naitrojeni, wengine wanaongeza fedha au shaba, ili kichocheo kiitikie mwanga unaoonekana kwa macho. Njia hizo zinasaidia, lakini zinaleta fumbo lingine. Fedha na shaba zinaua vijidudu zenyewe, hata gizani. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuonyesha kitambaa kilichoua bakteria na kusema ni kazi ya mwanga, kumbe ni kazi ya metali inayochujuka polepole kila kitambaa kinapofuliwa. Mnunuzi atalipa bei ya teknolojia ya kudumu na kupata dawa inayokwisha.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Ili kitambaa kipate jua la kutosha, lazima kitolewe nje na kuanikwa. Na kikianikwa, jua lenyewe tayari linafanya kazi. Wazazi walijua hilo zamani. Wanawake wa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wanatandaza nguo kwenye majani na mawe wakijua kwamba jua linaondoa harufu na kurudisha weupe. Mionzi ya urujuanimno, joto na ukavu vinapunguza vijidudu hata bila titani. Kwa maji pia inajulikana: chupa safi ya plastiki iliyojaa maji yasiyo na matope, ikiachwa juani saa 6 siku ya anga wazi, vijidudu vingi vinakufa. Kwa hiyo faida ya kitambaa cha titani ihesabiwe kuanzia hapo. Kilinganishwe na shuka la kawaida lililofuliwa na kuanikwa juani, kwani hilo ndilo ambalo kingekuja kulibadili.

Kinachokula uchafu kinaweza kula nguo

Zile chembe kali hazichagui. Pamba ni kitu kilichotoka kwenye mmea, na rangi nyingi za vitambaa zina asili hiyohiyo. Kichocheo kinachovunja doa la kahawa kinaweza pia kudhoofisha uzi na kufifisha rangi ya kitambaa kinachokibeba. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wanaweka tabaka la silika kati ya titani na uzi. Tabaka hilo linalinda, lakini linaongeza bei na hatua za kiwanda. Kwa shuka jeupe shida ni ndogo. Kwa kitenge, ambacho thamani yake yote iko kwenye rangi, ni shida kubwa.

Halafu kuna kufua. Tabaka lisiposhikwa vizuri linabanduka kidogokidogo, hasa mahali ambapo nguo zinasuguliwa kwa mkono juu ya jiwe. Vipimo vingi vya maabara vinatumia mashine na sabuni laini. Havifanani na ufuaji wa Kadutu au wa Birere. Kinachobanduka kinakwenda na maji machafu mpaka mtoni na ziwani.

Na kuna mapafu. Mwaka 2006, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya OMS, liliiweka dioksidi ya titani katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, hasa vumbi lake likivutwa. Kushika kitambaa si sawa na kuvuta vumbi, na si haki kutisha watu bure. Lakini barakoa, kashene kama wengi wanavyoiita, inakaa puani saa nyingi. Mwaka 2022, watafiti wa taasisi ya serikali ya Ubelgiji, Sciensano, walitoa ripoti juu ya chembe za titani walizozikuta katika nyuzi za barakoa za matumizi ya kawaida, nyingi zikiwa zimetiwa kiwandani ili kufanya uzi uwe mweupe. Hawakusema watu waache kuvaa barakoa. Walisema kiasi hicho kidhibitiwe kwa sheria. Kama Ubelgiji, yenye maabara zake zote, iliona haja ya sheria, Congo haiwezi kupokea barakoa za "titani inayoua virusi" kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi tu.

Mahali ambapo kinafaa

Haya yote hayana maana kwamba teknolojia hii haina kazi kwetu Mashariki. Ina kazi, mradi iwekwe mahali pake, na mahali pake ni juani. Japani ilielewa hivyo mapema. Huko, vitambaa vizito vya kuezekea majengo makubwa vinapakwa titani. Vinapigwa na jua kutwa, uchafu unavunjika, mvua inausukuma chini, na paa linabaki jeupe bila mtu kupanda kulisugua. Hapo masharti yote yametimia: mwanga mwingi, uchafu mwembamba, maji ya mvua, na hakuna msuguano wa mikono.

Mashariki mwa Congo kuna vitambaa vingi vya namna hiyo: maturubai ya kambi za wahamiaji wa vita, mahema ya vituo vya kutibu kipindupindu, vivuli vya masoko, mapazia ya madirisha ya hospitali. Vyote vinakaa juani na kuota ukungu msimu wa mvua. Kama kuna fedha za majaribio, zianzie hapo. Hema likishindwa kujisafisha, hakuna anayeumia. Shuka la mgonjwa wa mpox likishindwa wakati muuguzi ameambiwa liko salama, muuguzi huyo anaweza kuugua.

Mkoa huu hausahau bei ya kosa kama hilo. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, iliua watu 2287, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwao. Kilichowalinda walionusurika kilikuwa glavu, mavazi ya kujikinga, maji yenye klorini na nidhamu ya kuvitumia. Vitu hivyo havivutii wapiga picha wa maonyesho ya teknolojia, lakini vinafanya kazi usiku kama mchana.

Maswali manne kabla ya kusaini

Wengine watasema kwamba tahadhari ya namna hii ndiyo inayoiacha Congo nyuma, kwamba wakingoja vipimo wenzao watakuwa wamekwisha kufika mbali. Hoja hiyo ina uzito. Nchi iliyoruka simu za waya na kuingia moja kwa moja kwenye simu za mkononi inajua faida ya kutongoja. Ila simu isiposhika mtandao, mwenye nayo anajua papo hapo. Shuka lisilosafika halitoi ishara. Kijidudu hakionekani, na kosa linajulikana baada ya mtu kulala kitandani.

Kwa hiyo kila hospitali, kila shirika la msaada na kila mfanyabiashara anayeletewa kitambaa cha namna hii ana maswali manne ya kuuliza kabla ya kusaini. La kwanza: kilipimwa kwa mwanga gani, wa jua au wa taa ya chumbani? La pili: kipande kilekile kiliwekwa gizani pia, ili ijulikane kwamba mwanga ndio uliofanya kazi? La tatu: baada ya kufuliwa mara 20 au 50 kwa mkono, bado kinafanya kazi, na ni titani kiasi gani imetoka? La nne: kilijaribiwa kwa damu na jasho, au kwa rangi ya maabara tu? Kipimo cha kimataifa kipo. Kinaitwa ISO 27447, na kinahusu uwezo wa vifaa vya aina hii kuua bakteria vikimulikwa, vikilinganishwa na vilivyo gizani. Muuzaji asiye na karatasi ya kipimo hicho hajafika wakati wa kuuza.

Ofisi ya udhibiti ya Congo, OCC, ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia. Katika miji ambako vita vimevuruga ofisi za serikali, mzigo huo unabaki kwa hospitali zenyewe na mashirika yanayozisaidia. Si mzigo mzito kuliko uwezo wao. Kipimo cha kwanza kinahitaji vipande viwili vya kitambaa kimoja, bakteria wa aina moja, kimoja juani na kingine gizani, kisha kuhesabu makoloni kwenye sahani za maabara. Vyuo vikuu vya Kisangani, Lubumbashi, Bukavu na Butembo vina wanafunzi wa biolojia na kemia wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo. Wana pia kitu ambacho Hong Kong na Melbourne hawana: jua la ikweta, ufuaji wa mkono na vumbi jekundu la barabara zetu. Hakuna anayeweza kufanya kipimo hicho kwa niaba yao.

Eneo hili linajua vizuri kutoa mali ghafi na kungoja bidhaa. Mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kwa miaka kumi mpaka mwisho wa 2024, ukapakiwa Mombasa kwenda kusafishwa ng'ambo, kama kobalti ya Kolwezi inavyoondoka. Pamba ya Congo ilifumwa zamani katika viwanda kama Filtisaf ya Kalemie na Sotexki ya Kisangani, na leo nguo nyingi zinafika zimefungwa kwenye balo. Kiwanda cha titani hakitajengwa kesho. Lakini uwezo wa kupima kinacholetwa unaweza kujengwa mwaka huu, kwa fedha ndogo, na bila uwezo huo mnunuzi atabaki kuamini etiketi.

Wakati wa bajeti, basi, mpango uwe huu. Kwanza bomba la maji linalotoa maji katika kila kituo cha afya, sabuni, javeli, jiko la kuchemshia, na kamba ndefu ya kuanikia mahali penye jua kali. Yote hayo yakiwepo, na fedha ikibaki, hema moja lipakwe titani, na mwanafunzi mmoja akae nalo mwaka mzima, mvua na kiangazi, akiandika kinachotokea.